Pikipiki ya umeme iliyotoka sevisi ikawa haivuti: daftari la uniti lilivyotuonyesha makosa mawili

Waliingia gerejini wakiwa hawasemeshani. Kijana anasukuma pikipiki, mama mwenye mali anafuata hatua kumi nyuma, mkononi ameshika daftari la shule lenye jalada la bluu. Niliitikia shikamoo ya kijana, nikampa mama kiti, na kabla sijauliza lolote akanifungulia daftari.

"Fundi, mimi sina ugomvi na pikipiki. Nina ugomvi na huyu. Hebu soma mwenyewe hizi uniti."

Gereji yangu iko Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, na nilikuwa nimezoea kuletewa pikipiki za umeme zikiwa zimekufa kabisa. Pikipiki inayokufa kabisa ni rahisi kuitafutia ugonjwa. Inayosumbua ni ile inayowaka, inayotembea, ila haivuti kama zamani, kwa sababu kila mtu huwa na maelezo yake na kila maelezo yana ukweli kidogo ndani. Hii ilikuwa ya aina hiyo. Nimekiandika kisa chake kwa urefu kwa sababu katikati yake kulikuwa na kijana aliyekaribia kunyang'anywa kazi.

Pikipiki yenyewe ina mota ya kilowati 3 iliyomo ndani ya rimu ya nyuma, haina mnyororo. Betri ni ya volti 72, ampea-saa 45, seli zake zimepangwa mafungu 20 kwa mfululizo, hivyo ikijaa husoma volti 84. Mama aliinunua kwa wakala akamkabidhi kijana kwa mkataba: hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, na muda wa mkataba ukiisha pikipiki inakuwa ya kijana. Chaji inafanyika usiku nyumbani kwa mama. Kwa kuwa ana wapangaji na hataki umeme wa biashara uchanganyike na wa nyumba, soketi ya chaja ameiwekea mita ndogo ya peke yake. Kila asubuhi anaandika uniti zilizotumika, na jioni kijana anamtajia kilomita zilizo kwenye dashibodi.

Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Miezi saba mfululizo mistari inafanana kama mapacha: uniti 3.5, kilomita 80, uniti 3.4, kilomita 78, uniti 3.5, kilomita 81. Kisha kuna mstari wa kalamu nyekundu, umeandikwa "sevisi". Chini yake mambo yanabadilika siku hiyo hiyo: uniti 2.8, kilomita 52. Uniti 2.7, kilomita 50. Uniti 2.9, kilomita 54. Na pembeni, kwenye safu ya hesabu, elfu kumi imekuwa elfu saba, halafu siku mbili hakuna kitu.

Mama aliweka kidole hapo. "Anasema betri inaisha mapema. Kama inaisha kweli, mbona nikiichaji haili umeme kama zamani? Betri iliyokauka inakula uniti tatu na nusu, nimeiona miezi saba. Hii haikauki. Huyu anakaa kijiweni, jioni ananiletea hadithi."

Hoja hiyo ilikuwa na akili, na ndiyo sababu kijana alikuwa ameshindwa kuijibu. Mama alikuwa amepima, mwenzake ana maneno tu. Nilimwomba kijana na yeye aseme, tena aseme taratibu, bila kuniambia anadhani ni nini. Aniambie anachokiona tu.

"Mzee, asubuhi inaenda, ila si kama zamani. Zamani kwenye tambarare nilikuwa napata 75, sasa 66 kwa shida. Ikifika saa saba mchana nikiwa na abiria, kupanda kutoka Ubungo kuja Kimara inakuwa baiskeli, 50 haifiki. Alama za betri zinacheza. Nikivuta resi zinashuka mpaka nyekundu, nikiachia zinapanda tena. Na nikipita tuta, mara nyingine inashtuka, inakata kidogo, halafu inarudi."

Nilimuuliza inashtuka tuta likiwa linapandwa au linaposhukwa. Akafikiri, akasema linaposhukwa, gurudumu la nyuma likidunda. Nikaliandika.

Sevisi ilikuwa na mambo manne, na karatasi yake walikuwa nayo: tairi la nyuma jipya, brekishuu mpya za nyuma, kuosha, na kubadilisha programu ya kontrola, kile kisanduku kinachopima umeme wa betri unaokwenda kwenye mota. Waliporudi kulalamika, kule kwenye kituo cha sevisi waliambiwa kwamba programu mpya imepunguza nguvu ili kulinda betri, watazoea. Fundi mwingine wa mtaani akawaambia betri imekufa, wanunue nyingine. Kwa mama, bei ya betri ni kama kununua nusu ya pikipiki upya.

Kabla ya kushika spana

Nina desturi moja ambayo siiachi. Chombo kikibadilika siku ile ile kilipotoka mikononi mwa fundi, naanzia pale mikono ya fundi ilipopita. Betri ya lithiamu inazeeka kwa miezi na miaka, haizeeki alasiri moja ya sevisi. Inaweza kuharibika ghafla, hilo nalijua, lakini siianzi nayo.

Kwa hiyo nilichukua kikokotoo cha simu na daftari la mama. Uniti 3.5 kwa kilomita 80 ni uniti 0.044 kwa kila kilomita. Uniti 2.8 kwa kilomita 52 ni 0.054. Nilimgeuzia mama simu aone. Pikipiki baada ya sevisi ilikuwa inakula karibu robo zaidi kwa kila kilomita iliyotembea. Mtu anayekaa kijiweni hawezi kufanya hivyo. Akikaa, kilomita zinapungua na uniti zinapungua pamoja nazo, uwiano unabaki ule ule. Uwiano ukibadilika, tatizo liko kwenye chombo.

Hapo mama alinyamaza kwa mara ya kwanza.

Hesabu hiyo hiyo ilinijibu kuhusu programu. Kontrola ikipunguziwa mkondo, mbio zinapungua, ndiyo, lakini pikipiki inayokwenda polepole hula umeme kidogo kwa kilomita, kwa sababu upepo unaoipinga ni mdogo. Nguvu ikibanwa na programu, betri hudumu zaidi. Hapa nguvu imepungua na ulaji umepanda. Kuna kitu kinakula njiani.

Lakini ulaji peke yake haukutosha kueleza daftari. Kama kosa lingekuwa ulaji tu, kijana angetembea hadi betri ikauke, usiku ingekula uniti 3.5 kama kawaida, na kilomita zingekuwa kama 65. Kinyume chake, kama betri ingekuwa inakatwa mapema tu bila ulaji kuongezeka, uniti 2.8 zingempeleka kilomita 64. Yeye alipata 52. Makosa yalikuwa mawili, yamelaliana: moja linakula umeme kwa kila kilomita, la pili linaizima pikipiki wakati betri bado ina kama moja ya tano ya umeme ndani yake. Mama alikuwa sahihi kwamba betri haikauki. Kijana naye alikuwa sahihi kwamba pikipiki inaishiwa.

Nitasema wazi, sijawahi kupata daftari la namna hiyo kwa mteja mwingine. Wengi hukumbuka kilomita, na hakuna anayekumbuka uniti.

Linaloburuza

Ulaji wa ziada bila dalili ya umeme kuungua kwanza hutafutwa kwenye kitu kinachosuguana. Niliweka pikipiki kwenye stendi ya katikati, nikazima breka (ile swichi kubwa ya kukata umeme wa betri, siyo breki), nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lilizunguka vizuri tu, likigomagoma kidogo kwa ajili ya sumaku, kama mota za ndani ya rimu zinavyofanya. (Ukikuta gurudumu la aina hii ni zito, usilaumu breki haraka. Tenganisha kwanza zile nyaya tatu nene za mota, njano, kijani na bluu, uzungushe tena. Likiwa jepesi baada ya kuzitenganisha, basi nyaya zilikuwa zimegusana mahali au kontrola imeungua ndani, na mota ilikuwa inajifunga breki yenyewe.) Hapa lilikuwa jepesi tangu mwanzo, na nadhani ndivyo walivyoliona kule kituoni kabla ya kusema pikipiki haina shida.

Ila bodaboda haifanyi kazi ikiwa kwenye stendi. Niliishusha, nikamwambia kijana apande, na msaidizi wangu akae nyuma kama abiria, nikaanza kuwasukuma mwenyewe kwenye sakafu ya gereji. Ilikuwa nzito. Na kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayeburuta kandambili kwenye saruji. Wakishuka, sauti inaisha. Wakipanda, inarudi.

Breki ya nyuma ni ya ngoma, na inavutwa na fimbo ya chuma inayotoka kwenye pedali hadi kwenye mkono wa breki pale gurudumuni. Pedali imeshikwa na bodi, gurudumu limeshikwa na uma wa nyuma, na uma huo unapanda na kushuka na shokapu. Watu wawili wakikaa, shokapu zinabonyea, uma unapanda, na umbali kati ya pedali na mkono wa breki unabadilika. Kama nati ya kurekebishia imekazwa ikiacha mchezo mdogo mno, uzito wa abiria ndio unaomaliza kukanyaga breki. Niliinama nikakanyaga pedali kwa kidole gumba. Bila mtu, ilicheza kama sentimita moja. Wakiwa wamekaa wawili, haikucheza hata kidogo. Brekishuu mpya zilikuwa zimegusa ngoma kabla mguu haujafika.

Taa ya breki haikuwaka, kwa hiyo kijana hakuwa na namna ya kujua. Swichi ya taa ina nati yake peke yake, na inaangalia pedali, haiangalii ngoma. Ingekuwa imebanwa pedali yenyewe, taa ingewaka na kontrola ingekata nguvu kabisa, maana pikipiki hizi zinakata mota breki ikishikwa. Tungejua siku ya kwanza.

Nililegeza nati mzunguko mmoja mmoja huku wawili wamekaa juu. Kwenye mzunguko wa nne sauti ikapotea na pedali ikapata mchezo wa sentimita mbili na nusu, watu wakiwa juu. Tulikwenda kwenye barabara tambarare ya nyuma ya gereji, kijana na msaidizi, wakafika kilomita 40 kwa saa, wakaachia resi na kuhesabu sekunde hadi mwendo uteremke kufika 20. Pikipiki hii imezimiwa ile kazi ya kurudisha umeme betrini resi ikiachiwa, kwa hiyo kipimo ni halali. Kabla ya kulegeza, msaidizi alikuwa amepata sekunde 13. Baada ya kulegeza, 18. Walirudia mara tatu kila upande wa barabara, kwa sababu macho hayawezi kuona mteremko mdogo na upepo nao husaidia upande mmoja.

Kijana alirudi akicheka. Mbio zilikuwa zimefika 70. Akataka kulipa aondoke. Nilimwambia bado, kwa sababu tuta na alama zinazocheza havikuwa vimepata jibu.

Linalobana

Alama za betri kwenye dashibodi nyingi za bei ya kawaida hazipimi umeme uliobaki. Zinapima volti. Na volti zinazopimwa ni zile zilizofika kwenye kontrola, siyo zilizotoka betrini. Kati ya hizo mbili kuna nyaya, soketi kubwa, na breka. Alama zikianguka resi ikivutwa na kupanda ikiachiwa, kuna mambo mawili tu: ama betri yenyewe imelegea ndani, au kuna mahali kati ya betri na kontrola panaminya mkondo. Fundi aliyesema betri imekufa aliona dalili ya kweli. Alichokosa ni kupima sehemu mbili.

Hapa naomba anayetaka kujaribu asome polepole. Volti 84 za mkondo mnyoofu zinaunguza na zinaweza kuua, na cheche yake haizimiki kirahisi kama ya mkondo geu wa nyumbani. Mimi huvua pete na saa, nazima breka, natoa soketi ya betri, kisha napima volti kwenye kontrola hadi zishuke chini ya 10 kabla ya kugusa kitu, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzima. Waya za kupimia nazifunga kwa utepe wa umeme zisichezecheze, na mtu anayeendesha hasomi mita. Anayesoma ni aliyekaa nyuma.

Nilifunga mita mbili. Moja kwenye ncha za betri, nyingine kwenye ncha za kontrola, na mita ya kubana ikaukumbatia waya mwekundu kusoma ampea. Msaidizi alikaa nyuma na karatasi. Wakapanda kilima kuelekea juu, resi imevutwa yote.

Ikiwa imetulia: betri 82.6, kontrola 82.6. Sawa kabisa, na mtu anayepima pikipiki ikiwa imesimama angeishia hapo akasema nyaya ni nzima.

Ikivuta ampea 60: betri 79.3, kontrola 75.2.

Tofauti ni volti 4.1. Betri yenyewe ilishuka volti 3.3 tu kwa ampea 60, na kwa betri ya ukubwa huo hiyo ni afya. Lakini volti 4.1 zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya usiofika hata mita mbili, ambao kwa unene wake haukupaswa kupoteza hata nusu volti. Zidisha 4.1 kwa 60 upate wati 246. Ni joto la robo ya pasi ya wati 1,000, limekaa mahali pamoja padogo chini ya makalio ya kijana.

Sasa ule mchana wa saa saba ulieleweka. Kontrola hii huanza kubana mkondo ikiona volti 65, na ikiona 60 inakata, ili isiimalize betri hadi kuiharibu. Betri ikiwa imetumika zaidi ya nusu hukaa kwenye volti 73 hivi. Ikipanda mlima inashuka hadi 69 na kitu, bado iko salama. Toa nne za njiani, kontrola inaona 65 na kuamini betri inakaribia kufa. Inabana. Kijana anavuta resi zaidi, inabana zaidi. Hatimaye anarudi nyumbani na betri yenye kama moja ya tano ya umeme, mama anaichaji, mita inasoma 2.8.

Kupata mahali penyewe ilikuwa kazi ya dakika kumi. Niligawanya njia: waya mweusi mzima ulipoteza volti 0.1, mwekundu kutoka betri hadi kuingia breka 0.1, kutoka kwenye breka hadi kontrola 0.1, na breka yenyewe, kutoka shaba ya waya unaoingia hadi shaba ya waya unaotoka, 3.8.

Nilifungua kifuniko chini ya siti. Harufu ilitangulia. Upande wa kutokea wa breka, plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya ukoko wa wali, na kwenye kona imejikunja. Nililegeza skrubu, au tuseme nilitaka kuilegeza nikakuta imelegea, ilizunguka kwa vidole. Waya ulipotoka, nikaona kilichotokea. Ulikuwa umesukumwa ndani zaidi ya inavyotakiwa, na skrubu ilikuwa imeuma gamba la plastiki badala ya shaba. Mkononi mwa aliyeikaza ilisikika imekaza. Shaba ilikuwa inashikwa na ukingo tu, nyuzi kama theluthi moja, nazo zimekuwa nyeusi. Plastiki ya gamba ilipopata joto ikalainika, ikapungua, na kilichobaki cha kushika kikawa hakipo. Kila gurudumu likidunda kwenye tuta, waya unatikisika ndani ya tundu. Huko kulikuwa ndiko kushtuka.

Walitoa waya huo kwa usalama wakati wa sevisi, nadhani ili kuosha na kuweka programu. Ni jambo jema. Kuurudisha ndiko kulikokwenda haraka.

Nilikata sentimita tatu za waya hadi nikafikia shaba nyekundu safi, nikabana kichwa cha shaba kwa koleo lake, bila risasi ya kulehemu, kwa sababu risasi chini ya skrubu hulainika na kulegea kadiri siku zinavyokwenda. Breka nikaweka mpya, ya ampea 100, iliyoandikwa kwamba ni ya mkondo mnyoofu na ya volti zinazozidi 84. Nimewahi kukuta watu wameweka breka ya nyumbani kwenye pikipiki. Inapitisha mkondo vizuri siku zote, hadi siku inapotakiwa kukata, ndipo cheche inapoendelea kuwaka ndani yake. Skrubu nilikaza kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa ubavuni mwa breka, kisha nikaushika waya nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Haukusogea.

Kipimo cha marudio, kilima kile kile, ampea 60: betri 79.3, kontrola 79.0.

Mengine niliyoyapitia haraka

Sensa za mota sikuzifungua. Sensa moja ikilegea, pikipiki hutetemeka wakati wa kuondoka, au hunguruma bila kusogea. Hii iliondoka laini siku zote. Mkono wa resi niliupima volti tu, ukiachiwa 0.9 na ukivutwa wote 4.1, ukapanda bila kuruka mahali popote, nikauacha. Programu sikuigusa kabisa. Sikuwa na ruhusa ya kuingia ndani yake, na vipimo havikuniachia sababu ya kuitaka.

Tairi ndilo lililonibakiza mdomo wazi kidogo. Baada ya yote, kwa kipimo cha setilaiti cha simu, pikipiki ilifika 74 badala ya 75. Nikasoma ubavu wa tairi jipya: 2.75-17. La zamani, ambalo kijana alikuwa amelihifadhi, lilikuwa 3.00-17. Nusu inchi ya kipenyo imepungua, kama asilimia 2. Mwendo huo hauna maana kwa mtu yeyote. Kilichonisumbua ni kwamba tairi jembamba hubeba uzito mdogo, na hii ni pikipiki ya abiria na mizigo ya soko la Mabibo. Kwa hilo nilimwambia mama arudi kwa wakala, na asikubali jibu la "ni lile lile".

Alirudi kweli, na daftari, na karatasi ya vipimo niliyomwandikia, na ile breka iliyoungua kwenye mfuko wa nailoni. Aliniambia baadaye kwamba mwanzoni walirudia habari ya programu. Kisha fundi wao mmoja kijana akaichukua breka, akaigeuza, akaangalia alama ya skrubu kwenye gamba la waya, akasema, "Hii ni sisi, mama. Samahani." Walimbadilishia tairi na kumlipa gharama zangu. Ningependa kumshika mkono fundi yule. Kosa lenyewe linaweza kumpata yeyote mwenye foleni ya pikipiki sita mbele yake. Mwenzake aliyesema "mtazoea" bila kupanda pikipiki wala kuweka mita ndiye aliyenikera, kwa sababu maneno yale yalimgharimu mtu mwingine wiki tatu za kuitwa mwongo.

Siku ile gerejini, kabla ya kuondoka, mama alikaa muda akiangalia safu ya hesabu. Akamuuliza kijana, bila kunyanyua macho, zile siku mbili ambazo hakuleta kitu alikula nini. Kijana akasema alikula nyumbani kwao. Mama akachukua kalamu nyekundu, akakata deni la wiki tatu kwa mstari mmoja, akampa daftari.

"Kuanzia leo uniti utasoma wewe, mwanangu. Mita iko pale nje, huhitaji mtu kukufungulia mlango."

Walirudi baada ya wiki moja, kama nilivyowaagiza, nikakaza skrubu za breka kidogo sana, zilikuwa hazijalegea. Breki ya nyuma nikaipima tena watu wawili wakiwa juu. Kijana alinionyesha ukurasa mpya. Mwandiko ulikuwa wake, umelala upande, na alikuwa ameongeza safu ambayo mama hakuwa nayo, uniti kugawanya kwa kilomita. Jumatatu 3.5 kwa 79, 0.044. Jumanne 3.4 kwa 78, 0.044. Jumatano mvua, 3.0 kwa 66, 0.045.